Simiti Haianikwi Juani

Bahati, Nakuru
Jumapili jioni

Eliya mwanangu,

Salamu nzuri utazipata kwa mama yako asubuhi, pamoja na viazi vya kuchemsha na maonyo kuhusu blanketi, chawa na wanawake wa stesheni. Hicho ni kipaji chake. Mimi nikianza kuonya huishia kutukana, na wewe ukianza kunisikiliza huishia kuangalia mlango, kwa hiyo nimeona heri niandike. Umekwenda kuagana na wale rafiki zako wanaojipaka mafuta ya kupikia kichwani na kuyaita pomedi. Mimi nimekaa karakanani na penseli ya kupimia mbao, na karatasi hizi nimezing'oa nyuma ya daftari lako la zamani la hesabu. Ulikuwa mbaya sana wa hesabu, nimeona.

Nimesikia ulichosema juzi tukila. Ulisema ukifika kazini kwenye kambi ya askari Gilgil, kabla hujashika beleshi, utamwendea nyapara Mutiso mbele ya vibarua wake wote na kumwambia ndiye aliyemvunja mama yako mguu. Ulisema umengoja miaka minane. Mama yako alikuwa anapakua mboga, mkono wake ukasimama. Mimi nikakohoa, nikatoka nje kwenda kuangalia mbuzi, na wale mbuzi walikuwa salama kabisa.

Basi kuna jambo unalolijua vibaya, na mwalimu aliyekufundisha vibaya ni mimi. Nitakueleza lote, lakini utanivumilia nipitie njia yangu, maana nikilisema kwa mkato utairarua karatasi hii ukaondoka na nusu ya habari.

Nianze na karakana, kwa sababu umesema ukipata chumba kule utaweka ya kwako nyuma ya nyumba, umwage slabu za simiti siku za mapumziko, uwauzie wenye maduka na wenye vyoo. Si vibaya. Lakini nimewaona watu wengi wakianzisha karakana, na kitu cha kwanza wanachotengeneza ni kibao cha jina. Pale sokoni kuna mmoja ameandika FUNDI WA KILA KITU kwa rangi nyekundu, na mlango wa choo chake mwenyewe ni gunia. Mwingine alinunua pima maji, kisha akaitundika ukutani wateja waione, haijawahi kugusa kitu chochote kinachotaka kunyooka. Watu hawa huchanganya simiti chini kwenye vumbi, na majani na mavi ya kuku humo humo, wakageuza mara mbili wakaita kazi. Slabu yao ikipasuka wanasema ni mteja aliikanyaga. Sasa slabu ikanyagwe na nani, na malaika?

Karakana ni kivuli, maji karibu, na mahali palipo sawa. Basi. Vingine vyote ni maringo. Nimeandika maneno hayo kana kwamba ni yangu, na hapo hapo nimeanza kuiba tena. Ni ya Mutiso.

Wewe unamkumbuka kama mtu mrefu aliyekuchongea gari la mbao. Alikuja shamba hili akitokea kwenye ile barabara ya kuteremka bonde, ile iliyojengwa na mateka wa Kitaliani wakati wa vita. Yeye alikuwa kibarua wao wa kubeba kokoto. Miaka miwili alibeba kokoto na hakuna aliyemfundisha, alitazama tu. Alipofika hapa alikuwa anajua simiti kuliko mtu yeyote kati ya Nakuru na Subukia, na hakujua kusoma hata jina lake kwenye kipande chake cha kitambulisho.

Mimi nilikuwa na cheti. Unakijua, kile kilicho ndani ya fremu, ambacho nilikuwa nawaonyesha wageni kabla hawajapewa chai. Nilisoma uashi misheni, niliweza kuchonga jiwe likakaa juu ya jingine bila kuyumba, na niliweza kuandika barua kama hii. Kwa hiyo nilimdharau Mutiso tangu siku ya kwanza. Kiswahili chake kilinichekesha, na hata ule upole wake niliudharau, maana nilidhani mtu mpole ni mtu ambaye hana la kusema.

Karakana tuliianzisha pamoja katika banda la nguruwe. Bwana Kiko, mwenye shamba hili, alitupa banda hilo baada ya nguruwe wake kufa wote kwa homa. Huyo bwana unamjua. Alikuja Kenya kulima ngano, akagundua kwamba ngano huota vizuri zaidi ikilimwa na mtu mwingine, na tangu siku hiyo amekaa barazani akivuta kiko na kulalamika kwamba Mwafrika ni mvivu. Alitupa banda kwa hotuba ndefu juu ya kuaminiana, kisha akatuambia tumwagie kwanza sakafu ya ndama wake, yote, ndipo tufanye zetu. Tukamwagia. Mutiso alisugua lile banda siku tatu kwa maji ya moto na majivu. Mimi nilisimama mlangoni nimeziba pua, nikimweleza kwamba fundi mwenye cheti hasugui mavi ya nguruwe.

Alisawazisha chini kwa bomba la mpira lenye maji, bila pima maji. Alitengeneza fremu nne za mbao ya mwerezi, kona zake zinafunguka kwa kabari, ndani akazipaka oili chafu ya trakta ili slabu isishike. Alikata senyenge akaiweka ndani ya fremu kwa kuiinulia na vijiwe, ikae karibu na chini, isilale kabisa. Alipima kila kitu kwa debe, na debe lenyewe alilipitishia kijiti juu kama mama anayepima mahindi sokoni. Moja la simiti, mawili ya mchanga, matatu ya kokoto. Mimi nikapima kwa jicho. Jicho langu! Jicho lile lile lililomchagua Mzee Yohana, yule wa kanisani, kuwa rafiki.

Na alionja mchanga. Wenye mikokoteni walikuwa wanatuletea mchanga, na wengine wao, wezi hawa, walikuwa wanauchota kando ya ziwa kwa sababu ni karibu, ukiwa umejaa magadi. Mutiso alichukua kidogo, akaweka ulimini, akatema. "Hii imetoka ziwa. Rudisha." Mwenye mkokoteni akaapa kwa mama yake mzazi kwamba ni wa mto. "Basi kula wewe," Mutiso akamwambia, akamnyooshea mkono. Yule mtu akageuza punda wake. Unadhani nilijifunza? Nilikwenda sokoni nikawaambia watu nina mwenzangu anayekula mchanga, wakacheka mpaka wakalia.

Lakini kichekesho kikubwa kilikuwa maji. Tukishamwaga slabu, asubuhi yake Mutiso aliifunika kwa magunia, akayamwagia maji, na jioni tena, na kesho tena, siku saba. Maji yenyewe aliyapandisha kutoka mtoni kwa mabega. Nikamwuliza, "Sasa wewe unamwagilia mawe kama kabeji. Yatachipua lini?"

Hakukasirika. Akasema, "Zakayo, simiti haikauki. Inashika. Hii kitu iko na kiu, ukinyima yeye maji sasa, atakuja kulipa wewe baadaye."

Mimi sikuelewa, na nitakuambia kwa nini, kwa sababu hata wewe unaweza kukosea hapo hapo. Sisi tumezaliwa katika nyumba za udongo. Tumeona mama zetu wakikanda udongo, wakipiga ukuta, kisha wanangoja jua. Udongo ukikauka ndiyo nguvu yake, na mvua ndiyo adui. Kwa hiyo kila mmoja wetu, hata mwenye cheti, moyoni mwake anaamini simiti ni udongo wa Kizungu, na kwamba jua kali ndilo linalouimarisha. Nenda ujenzi wowote Nakuru leo utawakuta wameianika slabu kama mahindi, na fundi amesimama kando anashukuru hali ya hewa. Nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa mkubwa wao.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika.

Kanisa letu lilikuwa linafunguliwa, na mchungaji mkubwa alikuwa anakuja kutoka mbali. Mzee Yohana, mzee wa kanisa, alikuwa amechimbisha shimo la maji machafu nyuma ya jiko la kanisa, kubwa kama kaburi la ng'ombe, na akatuagiza slabu nne za kulifunika. Tulimwaga tatu, simiti ikaisha. Kabla hatujapata mfuko mwingine Mutiso akaletewa habari kwamba mama yake amezidiwa huko kwao Machakos. Akaondoka Jumatatu. Sherehe ilikuwa Jumapili iliyofuata.

Alinishika mkono mlangoni mwa banda. "Hizi tatu, maji asubuhi na jioni. Ya nne ngoja mpaka nirudi. Hiyo siku ya watu, hapo pa nne weka mbao nzito, na mwambie watu wapite kando."

Nikamwambia ndiyo, nenda, Mungu akutangulie. Jumanne Mzee Yohana akaja na simiti mgongoni mwa punda. Huyu mzee, mwanangu, ni mtu ambaye akipita karibu na kazi yoyote huacha amri na kuondoka na sifa. Akasema, "Fundi, wageni wetu wakanyage mbao kama kuku wanaingia kulala? Watu watasema nini?" Nikasema tungoje Mutiso. Akanitazama kwa huruma. "Kumbe fundi ni Mutiso? Mimi nilidhani ni wewe, mwenye cheti."

Hiyo ilitosha. Mtu mwenye majivuno unamwongoza kokote unakotaka, kama ng'ombe mwenye kamba puani. Jumatano nikamwaga ile slabu ya nne peke yangu. Nilitia maji mengi ili ilainike haraka, ing'ae, na fremu yake nilikuwa nimeiweka nje ya banda, juani. Magunia yote, hata ya zile tatu ambazo Mutiso alikuwa ameshazinywesha siku kadhaa, nikayakunja vizuri, nikayaweka kando. Niliona nimeokoa siku saba na safari kumi na nne za mtoni.

Alhamisi mawingu yakajikusanya juu ya Menengai, meusi, ya kweli kweli. Nikaingiwa na hofu kwa ajili ya slabu yangu. Mzee Yohana naye akaingiwa na hofu kwa ajili ya sherehe yake, akawaita waumini, tukasimama uwanjani tukaomba mvua isinyeshe. Tuliomba kwa machozi, Eliya. Mimi niliomba kwa sauti kuliko wote. Na mvua ikazunguka ikaenda kunyesha Solai. Tukaimba. Mzee Yohana akasema mmeona uwezo wa maombi. Leo najua kwamba mawingu yale yalikuwa yanakuja kufanya kazi niliyoiacha, na mimi nikayafukuza kwa nyimbo.

Ijumaa nikaona nyufa. Nyembamba, kama unywele, tatu, zinatoka ukingoni kuelekea katikati. Niliinama nikaziangalia muda mrefu. Usije ukasema baba hakujua. Uashi wangu wote ulikuwa unaniambia, na sauti ya Mutiso ilikuwa inaniambia. Nikachukua simiti kavu, nikaikoroga na maji ikawa uji, nikapaka juu kwa mwiko, nikalainisha. Ikapendeza. Ilipendeza kuliko zile tatu za Mutiso, ambazo zilikuwa za kijivu tu, hazina urembo. Jumamosi tukaziweka juu ya shimo zote nne.

Jumapili mama yako alikuwa jikoni pamoja na wanawake wengine. Mchungaji mkubwa alikuwa amemaliza kuhubiri, kwaya inaimba. Mama yako akatoka na debe la maji kichwani, akapita juu ya shimo kama alivyopita mara ishirini asubuhi ile, ila mara hiyo akakanyaga ya nne katikati. Sikusikia slabu ikivunjika. Nilisikia debe. Nilipofika alikuwa ameingia mpaka pajani, na mguu ulikuwa umekaa vile ambavyo mguu haukai. Alinitazama tu, na kwaya ilikuwa bado inaimba.

Watu wakajaa. Mzee Yohana akaja, akaangalia mgeni wake amekasirika au hajakasirika, ndipo akauliza kwa sauti ya kanisa zima, "Nani aliimwaga hii?"

Nikasema, "Mutiso."

Neno moja. Sikuwa nimelipanga. Lilitoka kabla mama yako hajatolewa shimoni, mimi nikiwa nimemshika kwapani. Nimewahi kuwacheka watu wanaosema shetani aliwaponza. Mimi hakuna shetani aliyeniponza, nilikuwa na akili zangu timamu na kitu cha kwanza akili hizo zilichokitafuta kilikuwa mtu wa kumtupia.

Mutiso akarudi Jumatano, amenyoa kichwa. Alikuwa amemzika mama yake. Akakuta Bwana Kiko ameshaambiwa, na ameshatoa amri kwamba yule Mkamba aondoke shambani kabla ya jua kuzama, kwa sababu hapendi matata. Hakumwuliza hata swali moja. Bwana Kiko huwa haulizi swali ambalo jibu lake litamfanya ainuke kitini.

Mutiso alikuja bandani. Vipande vya ile slabu vilikuwa vimerundikwa hapa nje, pale unapofunga mbuzi. Akachukua kimoja, akakivunja kwa vidole kama mkate mkavu. Akatazama vumbi lililobaki mkononi. "Zakayo," akasema, "hii haikunywa maji."

Nikamwambia aondoke kabla wazee hawajaja. Hivyo tu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumkana, na hakunipa nafasi ya kuyatumia. Aliuliza, "Mama Eliya anaendeleaje?" Nikasema anaendelea. Akachukua mwiko wake na blanketi lake, akaenda. Wewe ulikuwa umesimama pale kwenye ua, na ulimrushia jiwe. Nilikuona. Sikukukataza.

Fremu aliziacha kwa sababu hakuweza kuzibeba. Ndizo hizo ulizofunga kwa kamba jioni hii uende nazo kuanzisha karakana yako. Ulifikiri ni zangu, na kwa nini usifikiri hivyo, nimezitumia miaka minane. Zipeleke Gilgil, lakini si chumbani kwako. Mrudishie mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini hakusema. Hata mimi nimejiuliza. Labda aliona hakuna atakayemwamini. Labda aliona nyumba yenye mgonjwa na mtoto akaona aiache isimame. Nitakuambia kitu kibaya kuliko vyote katika barua hii: nilimdharau kwa kunyamaza kwake. Nilisema moyoni, tazama mjinga, hata kujitetea hawezi. Na sikuishia kwake. Tangu siku ile nimehitaji kila mtu awe mjinga. Bwana Kiko mjinga, Yohana mnafiki, mafundi wa sokoni wezi, rafiki zako takataka. Wengine wao ni kweli, sitawatetea, nimeandika hapa juu na sifuti. Lakini usidhani kejeli zangu ni akili, kama nilivyokuacha udhani. Nimekuwa nawapima wote wawe wafupi ili nami nionekane nimesimama. Nyani haoni kundule, na mimi nimekaa juu ya la kwangu miaka minane nikicheka ya wenzangu.

Baada ya mwezi Mzee Yohana alihubiri juu ya mjenzi mpumbavu. Alimtaja Mutiso kwa jina. Nilikuwa benchi la tatu, na nikasema amina. Wewe ulipokuwa unakua ukiniuliza kwa nini mama anachechemea, nilikujibu asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba Mutiso hakusikia la mkuu. Mkuu ndiye Mutiso. Asiyesikia ni mimi, na guu lililovunjika likawa la mtu mwingine. Hata methali niliipindua ikasema uongo.

Juzi usiku ule nilipotoka kwenda kuwaangalia mbuzi, mama yako alinifuata. Unajua anavyotembea akiwa na hasira, ule mguu unapiga chini kama jembe. Nikaona sasa ni leo. Nikamwambia, "Rebeka, ile slabu niliimwaga mimi."

Akasema, "Najua."

Nikakaa chini, hapo hapo kwenye samadi.

"Nilikuwa naenda mtoni kila siku," akasema. "Nilimwona Mutiso akipanda na maji. Hiyo wiki hakuna mtu alipanda. Na niliona magunia yamekunjwa juani, yamekauka kabisa. Wewe unafikiri mguu ulivunjika na macho?"

"Mbona hukusema?"

"Kwanza nilikuwa nangoja useme. Halafu nikachoka kungoja. Halafu nikaona nimezeeka na mwanaume mwoga, na watu wengi wako hivyo." Akaniangalia. "Lakini sasa unataka kumtuma mtoto wangu akamtukane huyo mtu huko kwa askari, akamatwe, ama apigwe? Mwandikie. Usimwambie kwa mdomo, ukifungua mdomo utaanza kumtukana yeye."

Nimekuandikia. Nadhani nimekutukana kidogo tu, kuhusu hesabu.

Sijui utanionaje asubuhi. Nikifikiria macho yako ninapokupa barua hii naona aibu, aibu tupu. Kwa hiyo sitakupa mimi. Mama yako atakutilia mfukoni lori la maziwa likikaribia kuondoka kuelekea Nakuru, yaani atakusindikiza mpaka barabarani na mguu wake huo, na utaisoma kwenye gari moshi. Huo pia ni woga, najua. Niachie huo mmoja.

Kazi ya pale kambini usiiache. Si kwa ajili ya mshahara, ni kwa ajili ya huyo mtu. Wanasema sakafu za mabanda ya askari kule zimemwagwa na yeye, na kwamba vibarua wake hubeba maji mpaka Jumapili na kumlaani. Wewe beba. Akionja mchanga, usicheke. Akikwambia funika, funika. Baadaye ukianzisha karakana yako utafanya kama alivyofanya yeye, na mtu akikuuliza fundi wako nani, utataja jina lake. La kwangu liache lipumzike.

Na kama atakukataa kwa sababu ya ubini wako, usikasirike. Ana haki. Jina hilo ni langu na mimi ndiye niliyelichafua. Rudi nyumbani, sitakuuliza neno.

Lakini kabla ya kazi kuna moja. Ulisema utasimama mbele ya vibarua wake wote. Simama. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo msomee barua hii kwa sauti, yote, na yale niliyomdharau nayo usiyaruke, ajue nilivyokuwa. Usiisome kando, wala ofisini, wala kwa kunong'ona. Mimi nilipotaja jina lake, kanisa zima lilisikia.

Ni mimi, baba yako,
Zakayo, niliyeimwaga slabu iliyomvunja mama yako mguu.